Magonjwa ya mishipa ya damu ya ubongo kwa watoto wenye sindromu ya Down

Magonjwa ya mishipa ya damu ya ubongo kwa watoto wenye sindromu ya Down ni hali mbalimbali zinazofanya njia za damu kichwani zisinyae, zizibe au zipasuke kwa mtoto aliyezaliwa na kromosomu ya ziada namba 21. Hali inayojulikana zaidi kati ya hizo ni moyamoya, ambapo ateri kubwa zinazopeleka damu kwenye ubongo hufungwa pole pole kwa miaka. Nyingine ni mabonge ya damu yanayotoka kwenye moyo wenye kasoro, kuganda kwa damu ndani ya vena za ubongo, na uvujaji wa damu unaoletwa na magonjwa ya damu. Tokeo linaloogopwa katika zote ni kiharusi.

Kiharusi cha utotoni ni nadra, hata kwa watoto hawa. Kinapotokea, lakini, mara nyingi hakitambuliwi, kwa sababu mtoto mwenye sindromu ya Down tayari anajulikana kuwa amechelewa kutembea, kusema na kushika vitu. Mkono unapolegea, familia na hata mhudumu wa afya huweza kudhani ni sehemu ya hali aliyozaliwa nayo. Si kweli: sindromu ya Down haimfanyi mtoto apoteze ghafla jambo alilokwisha kujifunza, wala haimpoozeshi upande mmoja wa mwili.

Makala hii inaeleza magonjwa hayo kwa jumla, kisha inaangalia hali ya wilaya za Mbulu na Hanang katika mkoa wa Manyara, kaskazini mwa Tanzania. Huko ubongo wa mtoto unaweza kushambuliwa na maradhi mengine yanayofanana na kiharusi, na safari ya kwenda kwenye vipimo vikubwa ni ndefu.

Jina na mkanganyiko wake

Sindromu ya Down inaitwa kwa jina la daktari Mwingereza John Langdon Down, aliyeieleza mwaka 1866. Chanzo chake kilijulikana mwaka 1959, pale Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walipoonyesha kwamba watu wenye hali hiyo wana kromosomu 47 badala ya 46. Duniani hupatikana takriban kwa mtoto 1 kati ya 700 hadi 1,000 wanaozaliwa hai. Uwezekano huongezeka kadiri umri wa mama unavyopanda, hasa baada ya miaka 35, lakini watoto wengi wenye hali hiyo huzaliwa na mama wenye umri mdogo zaidi kwa kuwa hao ndio wanaozaa zaidi.

Katika Kiswahili cha kila siku nchini Tanzania, mtoto mwenye sindromu ya Down huitwa mara nyingi "mwenye mtindio wa ubongo". Jina hilo linabebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi. Linatumika kwa mtoto ambaye ubongo wake ulikosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo, kwa mtoto mwenye kromosomu ya ziada, na wakati mwingine kwa mtoto mwenye usonji. Kwa mazungumzo ya jirani pengine halina madhara. Kwenye faili la hospitali lina madhara, kwa sababu mtindio wa ubongo wenyewe unaweza kuleta udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Mhudumu akisoma neno hilo kwenye kadi ya mtoto ataona kulegea kwa mkono kuwa jambo la zamani lisilohitaji kuulizwa.

Neno "kiharusi" nalo lina mkanganyiko wake. Watu wengi hulihusisha na wazee na shinikizo la damu, na wapo wanaosema mgonjwa "amepigwa na upepo mbaya". Utafiti mkubwa wa kiharusi uliofanyika Tanzania kati ya miaka 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam, uliwahusu zaidi watu wazima, na ndivyo ugonjwa huo unavyofahamika kwa umma. Kwamba mtoto wa miaka sita anaweza kupata kiharusi ni habari ngeni kwa kaya nyingi.

Kromosomu ya 21 na mishipa ya damu

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mtu mzima, lakini unatumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote ya mwili. Katika utoto sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Damu hufika kichwani kwa njia nne: ateri mbili za karotidi zinazopita mbele ya shingo, na ateri mbili zinazopanda ndani ya mifupa ya shingo. Njia hizo hukutana chini ya ubongo na kufanya mduara, hivyo kwamba mmoja ukizibwa, mwingine unaweza kusaidia.

Kromosomu ya 21 inabeba jeni kadhaa zinazohusika na kuta za mishipa hiyo. Baadhi hutengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoupa ukuta wa mshipa uimara wake. Moja kati yake huzaa pia endostatini, protini inayozuia mwili kuotesha mishipa mipya. Wataalamu wanafikiri kwamba wingi wa protini hizo, ukitokana na nakala tatu badala ya mbili, huchangia ukuta wa ateri kunenepa kwa ndani. Hata hivyo watoto wengi wenye kromosomu hiyo ya ziada hawapati moyamoya kamwe, kwa hiyo jeni peke yake si jibu kamili.

Kuna jambo la kushangaza kidogo hapa. Watu wazima wenye sindromu ya Down kwa kawaida wana shinikizo la chini la damu, na mafuta hayagandi kwa wingi kwenye ateri zao kama kwa watu wengine. Maana yake, kiharusi kinachoua wazee wa Tanzania na kile cha mtoto mwenye sindromu ya Down ni magonjwa mawili yenye mwisho mmoja. Baadaye, katika utu uzima, hujitokeza tatizo jingine: jeni ya protini ya amiloidi iko pia kwenye kromosomu ya 21, na amiloidi inayojikusanya kwenye kuta za mishipa midogo huweza kuifanya ivuje. Hilo ni suala la watu wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, si la watoto.

Moyamoya

Jina "moyamoya" ni la Kijapani na lina maana ya kitu kama wingu la moshi linalopepea. Lilitolewa mwaka 1969 na Jiro Suzuki na Akira Takaku wa Sendai, Japani. Katika picha za mishipa ya wagonjwa wao waliona ateri za karotidi zimesinyaa mwishoni, pale zinapoingia kwenye ubongo, na chini yake kuna vishipa vingi vyembamba vilivyoonekana kama moshi wa sigara. Vishipa hivyo ni juhudi ya mwili kujitafutia njia ya pembeni. Ni dhaifu, havitoshi, na vinaweza kupasuka.

Moyamoya inayojitokeza peke yake ni ya kawaida zaidi Asia ya Mashariki, ambako mabadiliko katika jeni moja ya kromosomu ya 17 yamepatikana kwa wagonjwa wengi. Nje ya huko mara nyingi huambatana na hali nyingine, na mbili kati yake zinapatikana Tanzania: selimundu na sindromu ya Down. Selimundu ni mzigo mkubwa nchini, kwa kuwa inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka, na ndiyo maana wahudumu wa Tanzania wakisikia kiharusi cha mtoto hufikiri kwanza ugonjwa huo. Sindromu ya Down huja akilini kwa nadra. Hata hivyo, hesabu iliyofanywa Marekani ilionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa moyamoya waliolazwa hospitalini, karibu 4 kati ya 100 walikuwa na sindromu ya Down, kiwango kilicho mara 26 ya kile cha watoto wanaozaliwa.

Kwa watoto wenye sindromu ya Down, kwa kawaida moyamoya hushika pande zote mbili za ubongo, na huleta kiharusi cha kukosa damu zaidi kuliko cha kuvuja damu. Ateri husinyaa pole pole, lakini dalili zinaweza kuja kwa ghafla siku ambayo damu inayopita imepungua kidogo tu chini ya mahitaji.

Siku hiyo mara nyingi ina sababu inayoonekana, na sababu hizo ni za kawaida kabisa. Mtoto anapolia kwa nguvu kwa muda mrefu huvuta pumzi haraka haraka na kutoa hewa ya kaboni nyingi kupita kiasi. Kaboni ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongo hujifinya. Kwa mtoto mwenye afya hilo halina shida, bali kwa mtoto ambaye ateri zake zimebaki na upenyo mdogo linatosha kumlegeza mkono. Ndivyo pia inavyokuwa kwa mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha, mwenye homa kali, au aliyefungishwa chakula na maji tangu alfajiri akisubiri kufanyiwa upasuaji mdogo. Mzazi anayesimulia kwamba "alilia sana, halafu mkono ukalegea, kisha baada ya nusu saa akawa mzima" ametoa maelezo yanayofaa kuandikwa neno kwa neno. Huko si kudeka. Huenda ni kiharusi cha muda, onyo linalotangulia kiharusi chenyewe.

Moyo, damu nzito na mabonge

Takriban nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Iliyo maalumu zaidi kwao ni tundu kubwa katikati ya moyo, ambapo vyumba vya juu na vya chini, kulia na kushoto, vinawasiliana. Isiporekebishwa katika utoto wa mapema, damu nyingi husukumwa mapafuni, shinikizo la mapafu hupanda, na mwishowe mkondo hugeuka: damu isiyo na oksijeni hupita moja kwa moja kwenda mwilini. Midomo na kucha huwa za bluu.

Hapo ubongo hupata hatari tatu kwa pamoja. Bonge dogo la damu kutoka mguuni, ambalo lingekamatwa kwenye mapafu, sasa linaweza kupanda hadi kichwani. Vijidudu vinaweza kufuata njia hiyo hiyo na kutengeneza jipu la ubongo. Na mwili, ukijaribu kufidia upungufu wa oksijeni, hutengeneza chembe nyekundu nyingi mno, damu ikawa nzito na rahisi kuganda. Sehemu kubwa ya watu wa Mbulu na Hanang wanaishi katika nyanda zilizo juu ya mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi kidogo kuliko pwani. Kwa mapafu ya mtoto ambaye tayari ana shinikizo kubwa, mwinuko si msaada.

Upungufu wa madini ya chuma nao huongeza uwezekano wa damu kuganda katika vena za ubongo, hasa mtoto akiharisha na kuishiwa maji. Uvujaji wa damu kwa upande wake unaweza kutokana na saratani ya damu, ambayo huwapata watoto wenye sindromu ya Down mara nyingi zaidi kuliko wengine. Dalili zake za kwanza ni weupe wa viganja, homa zisizoisha na madoa ya damu chini ya ngozi.

Dalili zinavyoonekana nyumbani

Vitabu vinaeleza dalili za kiharusi kwa mtu anayeweza kuambiwa "inua mikono" na "tabasamu". Mtoto mwenye sindromu ya Down wa miaka minne pengine hatafuata maagizo hayo, na maneno anayosema ni machache. Kwa hiyo shahidi mkuu ni mtu anayemlisha, kumwogesha na kumvalisha. Huyo ndiye anayeona mambo kama haya: mtoto aliyekuwa akila ugali kwa mkono wa kulia ameanza kutumia wa kushoto, mate yanatoka upande mmoja wa mdomo, kiatu cha mguu mmoja kinaisha upande wa vidole kwa sababu mguu unaburutwa, mtoto ameacha kupanda ngazi ya mlango aliyokuwa akiipanda, maneno matano aliyokuwa nayo yamebaki mawili.

Kubadilisha mkono kunastahili kutiliwa mkazo. Familia nyingi hukataza watoto kutumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mtoto anaweza kuadhibiwa kwa dalili ya ugonjwa. Mtoto aliyekuwa akitumia mkono wa kulia kwa miaka miwili hageuki ghafla bila sababu.

Degedege la upande mmoja, maumivu makali ya kichwa yanayorudi na miondoko ya mikono isiyozuilika ni dalili nyingine za moyamoya. Zikitokea ghafla, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama zimepita. Njiani alazwe ubavu, asilazimishwe kula wala kunywa ikiwa anameza kwa shida, na asipewe aspirini nyumbani, kwa sababu kabla ya picha ya kichwa hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka.

Si kila kurudi nyuma ni kiharusi. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, ambayo ni ya kawaida kwa watoto hawa, huwafanya wazito na wavivu kwa wiki na miezi, pande zote mbili sawa. Kulegea kwa maungio ya mifupa miwili ya juu ya shingo huweza kubana uti wa mgongo. Hapo miguu yote miwili huwa dhaifu au migumu, mtoto huinamisha kichwa upande na pengine huanza kujikojolea baada ya kuwa ameacha. Hilo nalo ni la dharura, na shingo yake isikunjwe wala kuvutwa na mtu anayekanda misuli.

Hali ya Mbulu na Hanang

Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Arusha, na makao makuu yake yako Babati. Mji mkuu wa wilaya ya Hanang ni Katesh, chini ya mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Eneo hili ni maarufu kwa wanaisimu, kwa kuwa hapa zinakutana lugha za jamii nne tofauti kabisa: Kiiraqw ambacho ni Kikushi, Kidatooga ambacho ni Kiniloti, Kihadza chenye sauti za kugonga ulimi, na lugha za Kibantu kama Kinyiramba. Kwa hospitali jambo hilo ni la vitendo. Swali "ilianza lini, na ilianza ghafla au pole pole?" ndilo linalotenganisha kiharusi na magonjwa mengine, na bibi anayemlea mtoto anaweza kuwa anajua jibu kwa Kidatooga tu. Mkalimani mzuri hapo ana thamani kuliko mashine.

Hospitali kubwa ya eneo hili ni Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norwei na ambayo leo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Iko takriban kilomita 300 kutoka mji wa Arusha. Ni hospitali ya kijijini yenye historia ndefu ya utafiti wa magonjwa ya ubongo, na sababu moja kubwa ni tegu wa nguruwe.

Ufugaji wa nguruwe umeenea Mbulu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliopima nguruwe 770 wilayani humo kwa kuchunguza ndimi zao, ulikuta asilimia 17.4 wana malengelenge ya tegu. Mtu anayekula nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni. Lakini ugonjwa wa ubongo hauji kwa njia hiyo: huja kwa kumeza mayai ya tegu kutoka kwenye kinyesi cha mtu aliyeambukizwa, kupitia mikono, maji au mboga. Kwa hiyo hata kaya isiyogusa nguruwe haiko salama. Mayai huanguliwa, vijidudu husafiri kwa damu hadi kwenye ubongo na kutengeneza malengelenge. Daktari Andrea Winkler na wenzake walipowapiga picha za CT watu 212 wenye kifafa katika eneo la Haydom, katika utafiti uliotoka mwaka 2009, takriban asilimia 18 walikuwa na alama za malengelenge hayo.

Kwa mtoto mwenye sindromu ya Down hili lina pande mbili. Kwanza, daktari wa Mbulu akimwona mtoto mwenye degedege la upande mmoja ana haki ya kufikiri tegu kabla ya moyamoya, kwa kuwa tegu ni wengi na moyamoya ni nadra. Pili, malengelenge yakikaa chini ya ubongo huweza kuwasha kuta za ateri na kuleta kiharusi chenyewe. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kifua kikuu hufanya hivyo hivyo. Hivyo picha ya kichwa haiepukiki, na dawa za minyoo zisitolewe kwa kubahatisha: malengelenge yanapokufa yote kwa pamoja ndani ya ubongo huleta uvimbe, ndiyo maana daktari huambatanisha dawa za kupunguza uvimbe.

Vipimo

Katika zahanati na kituo cha afya vinawezekana vipimo vya bei ndogo vyenye maana kubwa: sukari ya damu, malaria, kiwango cha damu, kiwango cha oksijeni kwa kifaa cha kubana kidole, na kusikiliza moyo. Sukari ikishuka, mtoto anaweza kulegea upande mmoja kama mwenye kiharusi, na hupona kwa glukosi dakika hiyo hiyo.

Hatua ya pili ni picha ya CT. Inaonyesha damu iliyovuja mara moja, na inaonyesha vitone vya chokaa vya malengelenge ya tegu. Kiharusi cha kukosa damu, hata hivyo, kinaweza kisionekane saa za kwanza, na mishipa yenyewe haionekani bila kuchomwa dawa ya kung'arisha. Picha "safi" ya siku ya kwanza kwa hiyo haimalizi shauri. Moyamoya inathibitishwa kwa picha ya mishipa, iwe kwa CT yenye dawa hiyo, kwa MRI, au kwa kupitisha mrija mwembamba hadi kwenye ateri. Moyo hupimwa kwa altrasaundi. Kwa kweli kila mtoto mwenye sindromu ya Down anastahili kipimo hicho cha moyo katika miezi ya mwanzo ya maisha, kabla shinikizo la mapafu halijawa la kudumu.

Matibabu

Hakuna dawa inayofungua ateri iliyosinyaa kwa moyamoya. Aspirini kwa kipimo kidogo, ikiandikwa na daktari baada ya picha, hupunguza mabonge madogo. Maji ya kutosha, kutibu homa na kuharisha mapema, na kuongeza damu kwa mtoto mwenye upungufu ni sehemu ya tiba, si huduma ya ziada. Chumvi ya kuongeza maji mwilini inayopatikana zahanati yoyote inaweza kumkinga mtoto huyu na kiharusi.

Tiba ya kudumu ni upasuaji. Njia inayotumiwa sana kwa watoto ni kuchukua ateri inayopita chini ya ngozi ya kichwa, juu ya sikio, na kuilaza juu ya ubongo bila kuikata. Katika miezi inayofuata, ubongo wenye njaa ya damu huotesha vishipa kutoka kwenye ateri hiyo. Ripoti ya mwaka 2005 kutoka Boston, Marekani, juu ya watoto 16 wenye sindromu ya Down waliofanyiwa upasuaji wa namna hii ilionyesha kwamba wananufaika kama watoto wengine. Ni jibu kwa fikra, ambayo bado ipo, kwamba mtoto "wa namna hii" hafai kusumbuliwa na operesheni kubwa.

Haydom ina sura yake katika historia ya upasuaji wa ubongo Tanzania. Mwaka 2006 daktari bingwa kutoka Marekani, Dilan Ellegala, mzaliwa wa Sri Lanka, alifika huko na kumfundisha daktari msaidizi Emmanuel Mayegga kufungua fuvu na kutibu majeraha na uvimbe. Wakati huo mabingwa wa fani hiyo nchini walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole, nao walikuwa Dar es Salaam. Mwandishi Tony Bartelme alisimulia habari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 2017. Upasuaji wa moyamoya ni kazi nyingine. Unahitaji hadubini, mtaalamu wa usingizi anayejua kulinda shinikizo na pumzi ya mtoto, na picha za mishipa kabla na baada. Rufaa kutoka Mbulu au Hanang huelekea KCMC mjini Moshi, na kwa upasuaji wa ubongo Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam ndiyo kituo cha taifa. Kasoro za moyo hupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo hilo hilo la Muhimbili.

Familia inayosafirishwa umbali huo inahitaji kujua jambo moja kabla ya operesheni yoyote, hata ya jino au ya tonsili: mwenye usingizi aambiwe kwamba mtoto ana au anashukiwa kuwa na moyamoya. Mtoto apewe maji ya mshipa wakati wa kufunga, na asiachwe alie muda mrefu.

Maisha baada ya kiharusi

Ubongo wa mtoto una uwezo mkubwa wa kujipanga upya, na mazoezi ya viungo yakianza mapema sehemu ya nguvu hurudi. Mbinu moja inayotumika ni kumfunga mtoto glovu kwenye mkono mzima kwa saa chache kila siku, ili alazimike kutumia ule dhaifu. Chombo ni kikombe, punje za mahindi na bakuli, na mwalimu anaweza kuwa dada yake. Mguu unaokakamaa hunyooshwa kila siku ili usijikunje. Mtoto anayepata kifafa baada ya kiharusi huhitaji dawa bila kukatiza, na dawa iliyoisha isingojewe hadi siku ya mnada ndipo ikatafutwe.

Moyamoya huendelea. Mtoto aliyepata kiharusi upande mmoja anaweza kupata upande wa pili baada ya miezi au miaka, kwa hiyo hurudi kliniki kwa tarehe zilizopangwa hata akionekana mzima. Kwenye kadi yake, pembeni mwa maneno "sindromu ya Down", huandikwa tarehe ya kiharusi, upande uliolegea na mambo aliyoweza kufanya kabla yake, ili mhudumu wa zamu inayofuata apate pa kuanzia kulinganisha.